Staa Kashona Siti za Pikapu Nyumbani: Mnaocheka Mmecheka Kitu Sicho

Jumapili jioni staa mmoja wa Bongo Fleva, yule aliyetesa na nyimbo 2 mfululizo halafu akapoa kidogo, aliposti video ya dakika 3. Hakuna mrembo, hakuna shampeni, hakuna moshi wa kutengeneza. Ni yeye na bukta yake na ndala, na Hilux ya zamani ya miaka ya 90 imepaki uani, milango yote wazi, siti zimetolewa nje zimelazwa kwenye turubai. Video inakimbizwa haraka haraka. Siti zilizochanika mpaka sponji linachungulia zinavalishwa leza ya kahawia yenye uzi mweupe. Milango inavikwa upya. Dari lililokuwa linaning'inia kama chandarua linanyooka. Mwishoni anaingia, anapiga usukani viganja viwili, na chini kaandika kwamba kazi yote kafanya mwenyewe, kwa mikono yake, nyumbani kwake.

Kufika Jumatatu asubuhi mtandaoni kulikuwa na neno moja tu: kafulia.

Watu walimpiga madongo hatari. Wakasema shoo zimekata. Wakasema wenzake wanaagiza Range, yeye anashona godoro la pikapu. Wengine wakaona ni kiki, kwamba subiri wiki ijayo utasikia wimbo mpya unaitwa Fundi. Kuna mmoja alimuuliza kama anapokea na oda za makochi. Hiyo ilichekesha kweli, isikataliwe.

Ila hili la kufulia liishe haraka, halina kichwa wala miguu. Mjini hapa ndinga nyingi mnazozilia mate kwenye video za muziki ni za kukodi. Zinakodiwa kwa siku, nyingine kwa masaa, na video ikitoka gari lilisharudi kwa mwenyewe zamani, pengine liko harusini Mbezi limefungwa riboni. Nyingine ni za mkopo, mtu anaendesha huku simu ya mkopeshaji kaiweka sailenti. Pikapu ya huyu jamaa ni yake. Injini ya Hilux za miaka ile fundi wa mtaani anaifungua akiwa anapiga stori, spea zake Kariakoo hazijawahi kuwa shida, na ukitaka kuingiza gari lingine chakavu leo kuna ushuru wa uchakavu unakusubiri bandarini. Mtu mwenye chuma kizima ambacho kimechoka ndani tu, akiamua kukivalisha upya, huyo hajafulia. Huyo kapiga hesabu.

Kwa hiyo wanaocheka kwamba staa kashika sindano, wamecheka kitu sicho. Tatizo la ile video ni kwamba hakuishika.

Hapo ndipo ilipo shughuli, na ili uione lazima ujue kazi yenyewe ikoje. Vijana wengi wakisikia kuvalisha gari ndani wanadhani ni kununua kava za Kariakoo zile za kamba, unachomeka, unafunga chini, umemaliza. Hizo ni nguo za kuazima. Kuvalisha kwenyewe ni kitu kingine.

Chukua mlango. Mkono wa kupandisha kioo kwenye Toyota za zamani hauna skrubu unayoiona. Umeshikwa na klipu ndogo ya waya iliyojificha nyuma yake. Mtu asiyejua analeta bisibisi, anabinyua, anavunja plastiki. Anayejua anachukua kitambaa, anakipitisha nyuma ya ule mkono, anakivuta huku na huku kama anayeng'arisha kiatu, mpaka klipu inaruka yenyewe. Na inaruka kweli, ikidondokea kwenye mchanga umeipoteza. Ukitoa paneli unakutana na nailoni imegandishwa kwenye bati la mlango. Wengi wanaichana na kuitupa wakidhani ni takataka ya kiwandani. Ile nailoni ndiyo inayozuia maji ya mvua yanayopita kwenye kioo yasilowanishe paneli. Paneli zenyewe kwa magari ya umri ule ni hadibodi, na hadibodi ikinywa maji inavimba, inapinda, klipu hazikai tena. Unaweza kuvalisha mlango leza ya bei mbaya, masika moja ikapita, ukawa umerudi ulipoanzia.

Dari nalo lina ujinga wake. Kitambaa cha dari kwenye magari mengi ya zamani kina utando wa sponji nyembamba mgongoni. Jua likipiga miaka na miaka, ile sponji inaoza, inakuwa unga, kitambaa kinaachia. Watu wanapachika pini. Wengine wanapulizia gundi juu ya ule unga, kinashika siku mbili tatu halafu kinashuka tena, kwa sababu gundi imeshika unga, haijashika dari. Dawa ni kulitoa dari lote, kusugua kwa brashi mpaka unga wa zamani uishe kabisa, kupaka gundi pande zote mbili, kusubiri ikauke kidogo mpaka ukigusa haikufuati kidoleni, halafu unalaza kitambaa kuanzia katikati ukienda pembeni. Sehemu hii staa kaifanya mwenyewe, na kaifanya vizuri. Anaonekana kajaa unga wa njano mpaka kwenye kope. Hilo apewe. Na kaifanyia nje, kwenye upepo, maana ile gundi ya kopo ya mafundi viatu ukiivutia chumbani kichwa kinazunguka, na ikikutana na jiko la mkaa inawaka.

Sasa njoo kwenye siti. Kuifungua siyo kazi, boliti 4 sakafuni, kwa Toyota mara nyingi spana namba 14 inatosha. Kava la zamani limeshikwa chini na vipete vya waya, unavikata kwa plaizi kimoja kimoja. Kava likitoka, hulitupi. Unachana mishono kwa wembe, kipande baada ya kipande, unaandika kila kimoja kilikaa wapi na kinaangalia upande gani. Vile vipande ndivyo ramani yako. Unavilaza juu ya leza mpya upande wa nyuma, unachora kwa chaki, unaongeza nafasi ya mshono, unakata. Mpaka hapo kijana yeyote mwenye subira anaweza.

Halafu unakaa kwenye cherehani, na stori inabadilika.

Leza siyo kitenge. Kitenge ukikosea unafumua, unapiga pasi, hakuna atakayejua. Leza sindano ikipita imepita, tundu halizibi. Ukifumua unabaki na mstari wa matundu ambao unaweza kuchanika hapo hapo kama stempu. Ndiyo maana fundi wa leza anashona mara moja. Pembe za siti, pale vipande vitatu vinapokutana na ule ukingo wa kamba, sindano inapita kwenye matabaka manne au matano kwa pamoja. Cherehani ya kawaida ya nyumbani hapo inagoma, inaruka mishono au inavunja sindano. Inatakiwa mashine nzito, sindano nene, namba 18 hivi, na uzi wa nailoni au polista, kwa sababu uzi wa pamba unaoza kwa jua na jasho. Na baada ya mashine kuna mkono. Fundi anapofika kwenye kona anaacha kukanyaga, anazungusha gurudumu kwa kiganja, mshono mmoja, mmoja, mmoja.

Irudie ile video ukiwa na hayo kichwani. Uzi mweupe kwenye leza ya kahawia ndiyo rangi inayoumbua kuliko zote, ukiyumba milimita mbili unaonekana kutoka barabarani. Kwenye siti za staa hauyumbi. Mistari miwili inakwenda sambamba kutoka begani mwa siti mpaka chini, inapinda pamoja, inarudi pamoja. Hakuna tundu lililoachwa. Hiyo siyo kazi ya mtu aliyekutana na cherehani Ijumaa.

Na dakika ya pili ipo. Kwa sekunde kama mbili, kabla haijakatwa, unaona mkono unavuta leza chini ya sindano. Ni mkono wa mtu mzima, kidole cha shahada kina kovu refu, na hauna ile tatuu ambayo staa anayo mpaka kwenye vidole. Waliogundua walikuwa wachache, wengine wote walikuwa bize na kufulia.

Jumanne binti mmoja akaandika chini ya ile posti. Hakutukana. Aliandika kwa adabu, shikamoo ya wafuasi wote, halafu akasema kaka, huyo mwenye mkono kwenye dakika ya pili ni baba. Baba yake ni fundi makochi Keko, na Keko mnaijua, asilimia kubwa ya makochi mliyokalia Dar hii yamepita pale au yameigwa kutoka pale. Alisema mzee alikwenda kwa staa siku 3, kabeba mashine yake kwenye bajaji. Walipatana 120,000. Alipewa 50,000 na kuambiwa iliyobaki atailipwa kwa kutangazwa: atatajwa kwenye video, watu wamjue, kazi zije. Mzee akakubali, maana staa ana wafuasi wengi na Keko siku hizi ushindani ni mkubwa, makochi ya kutoka nje yamejaa madukani.

Baada ya masaa mawili komenti ikafutwa. Waliowahi kuipiga picha waliisambaza. Meneja akaibuka kwenye moja ya hizo kurasa akaandika mdogo wangu njoo inbox tuongee kifamilia.

Kifamilia! Familia ilikuwa wapi wakati wa kuandika kila kitu kafanya mwenyewe?

Upande wa staa na wenyewe usikilizwe. Mashabiki wake wanasema ametoa wazo, amenunua vifaa, kafungua siti, kafanya dari, na fundi alilipwa, kwa nini lazima atajwe? Mbona ukijenga nyumba huandiki jina la fundi getini? Hoja hii ina uzito kiasi. Mtu akimlipa fundi hela yake yote, mkono kwa mkono, anaweza kukaa kimya na hakuna wa kumdai. Anaruhusiwa hata kusema gari langu nimelipendezesha. Lakini kuna mambo mawili hapa hayakai. La kwanza, mzee hakulipwa hela yote, kutajwa ndiko kulikuwa sehemu ya malipo. Ukimkata kwenye video, umemkata mshahara. La pili, hakukaa kimya, alisema kafanya mwenyewe. Kutomtaja mtu na kujipa kazi yake ni vitu viwili tofauti, na kila aliyewahi kuandikiwa insha na mwenzake anajua tofauti hiyo.

Kinachokera zaidi ni nani kafanya hivyo. Huyu ni msanii. Mwaka jana alilia mitandaoni siku 4 kwa sababu kampuni fulani ilitumia wimbo wake kwenye tangazo bila kuandika jina lake. Alizungumzia mirabaha, alizungumzia COSOTA, alisema jasho la mtu siyo maji ya bomba. Na alikuwa sahihi kabisa. Sheria ya hakimiliki ya 1999 inamlinda msanii siyo kwenye hela tu, mpaka kwenye haki ya kutambuliwa kwamba kazi ni yake. Prodyuza aliyemtengenezea ule wimbo ana ile sauti yake inayotaja jina la studio kabla biti haijaingia, ukisikiliza popote duniani unajua nani kapika. Fundi makochi hana sauti ya kuweka mwanzoni mwa siti. Hana chombo cha kumkimbilia akidai jina lake. Alichonacho ni ahadi ya mdomo iliyotolewa uani na mtu anayemwita baba, akampa maji ya kunywa, akamwambia mzee wangu wewe usijali, nitakurusha.

Neno hilo, nitakurusha, limekula watu wengi mjini. Mdada wa kusuka anasuka bure kwa kurushwa. Mpiga picha anapiga bure kwa kurushwa. Mpishi wa keki anapeleka keki ya ghorofa tatu kwenye bethdei ya mtu maarufu, na kwenye posti keki imekatwa kichwa, inaonekana sahani. Wakidai wanaambiwa wana njaa. Wakinyamaza, wiki ijayo anakuja mwingine na ombi lile lile. Na ukitazama, wanaorusha kweli ni wachache, tena mara nyingi ni wasanii wadogo ambao wafuasi wao hawafiki hata elfu kumi.

Siyo kila mahali ni hivi. Nairobi matatu zile zilizopambwa zina mashabiki kama timu za mpira, na mashabiki hao wanabishana gereji gani imetengeneza ipi, nani kachora, nani kashona ndani. Hakuna anayesema gari limepungua heshima kwa sababu fundi kajulikana. Kinyume chake, tajiri anajisifu kwamba gari lake limetoka kwa fulani. Hata kile kipindi cha MTV kilichoanza 2004, cha kuchukua magari mabovu na kuyapamba, kilikuwa na mapungufu yake mengi, lakini mafundi walikuwa mbele ya kamera na mashine zao, aliyeshona siti unamwona anashona. Staa wetu alikuwa na nafasi hiyo hiyo uani kwake. Fikiria video ile ile, yeye na unga wake wa njano kichwani, na mzee pembeni anazungusha gurudumu kwa kiganja akimfundisha jinsi ya kupita kwenye kona. Ingekuwa tamu mara mia. Na hakuna ambaye angesema kafulia, maana watu wangekuwa bize kuuliza namba ya mzee.

Kuna wanaosema binti kamdhalilisha baba yake kwa kuanika mambo ya 70,000 mtandaoni. Hao wajaribu kukaa siku 3 wameinamia leza, miaka sitini na kitu kichwani, halafu wahesabu upya kama 70,000 ni ndogo. Binti hakuomba hela hata. Soma ile picha ya komenti yake vizuri, aliomba jina la baba yake liandikwe.

Na wewe uliyeko Sinza au Tandika unayetaka kuvalisha kigari chako nyumbani baada ya kuiona ile video, fanya. Dari unaliweza. Paneli za mlango unaziweza, ila ile nailoni usiitupe. Leza ikikataa kunyooka kwenye kona ipashe kwa drai ya saluni kwa mbali, inalainika inavutika, usiichome tu. Kama gari lako ni la kisasa lenye mifuko ya hewa ubavuni mwa siti, angalia kile kibandiko cha pembeni, usiivalishe siti hiyo kiholela, ule mfuko unatakiwa upasue njia yake siku ya ajali. Na kwenye cherehani tafuta mtu, mlipe yote, msimamishe mbele ya simu.

Mpaka Alhamisi mchana staa alikuwa hajabadilisha maneno yake chini ya video. Bado kafanya mwenyewe. Alichobadilisha ni sehemu ya komenti, ameifunga. Mzee naye hajasema kitu kokote, hana hata akaunti. Ila kwenye video mtaona siti za mbele tu ndizo zinazong'aa, ile ndefu ya nyuma haionekani kabisa, na wengi walidhani ni pembe ya kamera. Kwa mujibu wa binti, sponji lake lilikuwa limeoza likahitaji kujengwa upya, mzee akaondoka nalo. Liko Keko hadi leo, limevuliwa kava, limeegemezwa ukutani nyuma ya makochi ya watu, na 70,000 haijafika.